Lita Moja, Shilingi 25: Barua ya Wazi kutoka Siyu, Kisiwa cha Pate

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, kwa Bodi ya Barabara ya Kenya, kwa Tume ya Ugavi wa Mapato, kwa Bwana Gavana wetu, na kwa waheshimiwa wote mliowahi kupanda boti kuja kutuomba kura:

Asalaam aleikum.

Nawaandikia kuhusu shilingi 1,500 za ushuru wa barabara zilizotozwa kwenye mafuta ya boti. Najua kwenu ni pesa ya chai, lakini nivumilieni, kwa kuwa mimi kazi yangu ni kuweka hesabu za kikundi cha wavuvi hapa Siyu, na mtu wa daftari akishapata tarakimu isiyokaa sawa halali.

Msimu wa upepo wa Kusi mwaka jana mdogo wangu alishikwa na uchungu usiku, saa mbili zimeshapita. Mkunga akaja, akamtazama, akatwambia mtoto amekaa vibaya, apelekwe Amu, yaani mji wa Lamu, hospitali, na apelekwe sasa. Nikateremka mbio hadi pwani kumwamsha nahodha. Nilimkuta keshaamka, amekaa kwenye ubao wa mashua yake, na mashua imelalia ubavu juu ya tope. Alinitazama tu. "Mai yamekupwa, mwanangu," akasema. Hakuwa na haja ya kuongeza neno.

Kwa wale ambao bahari wameiona kupitia dirisha la hoteli, nieleze kidogo. Siyu haikukaa ufuoni kama Shela. Unaingia kwa mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo huwa njia maji yakijaa. Yakikupwa ni tope na kaa. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo safari iliyofaa Jumatatu asubuhi, Ijumaa haifai tena. Mtoto wa hapa huijua hesabu hii kabla ya kujua kuzidisha. Mji wa Pate nao una shida hii hii. Gati lenye kina wakati wote liko Mtangawanda, upande mwingine wa kisiwa.

Basi tukampakia mgonjwa kwenye boda boda, katikati ya dereva na mkunga, tukaenda Mtangawanda kwa njia ya mchanga na mawe, usiku wa manane. Sitaki kuisimulia safari ile, na yeye mwenyewe hataki kuikumbuka. Tulipofika, boti la wagonjwa lilikuwapo gatini, limefungwa kamba vizuri, limeandikwa jina zuri. Ni la nani sitasema. Mafuta hayakuwamo. Aliyekuwa zamu alikuwa mtu mpole, akatuonyesha tangi, akatuonyesha na simu aliyopiga isiyopokewa. Tukachanga. Mwenye duka akafungua, akatuuzia madumu matatu ya lita 20. Lita 60.

Tuliondoka saa nane za usiku kupita. Mtoto hakungoja Amu. Alizaliwa botini, kwenye ghuba ya Manda, mkunga akifanya kazi kwa tochi ya simu iliyoshikwa na mimi, mjomba mtu, niliyeambiwa nitazame pembeni na nimulike katikati. Nilitazama pembeni. Nikaona taa za bandari mpya ya Lamu zikiwaka mstari mzima, nyeupe, nyingi kuliko taa za kisiwa chetu chote. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Cheti kimeandikwa Amu, lakini nyumbani twamwita Bandari, na jina hilo sasa halimtoki.

Wiki ya pili nilikaa na daftari langu. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchi hii ina ushuru wa matengenezo ya barabara ndani yake. Ulikuwa shilingi 18. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Lita 60 mara shilingi 25 ni shilingi 1,500. Usiku ule, watu wa Siyu walipochangishana ili mwanamke ajifungue salama, Serikali ilichukua humo shilingi 1,500 za kutengeneza barabara. Barabara ipi? Kutoka Mtangawanda hadi Amu ni maji matupu.

Nikarudi nyuma kwenye kurasa za Kaskazi, wakati bahari imetulia na vyombo vinatoka karibu kila siku. Mwezi mmoja vyombo vyetu sita vilichoma lita 1,920. Hesabuni wenyewe: shilingi 48,000 za barabara, mwezi mmoja, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kumiliki hata baiskeli. Wala hapo sijagusa spidi, boti za mwendo kasi, za abiria za Faza, Kizingitini, Mbwajumwali, Tchundwa, Ndau, wala zile zinazokwenda hadi Kiwayu, Mkokoni na Kiunga. Sijagusa vyombo vya Kipungani na Matondoni. Sijagusa mashua kubwa zinazobeba saruji, unga na mabati kutoka Mokowe, upande wa bara. Injini hizi zote hulipa. Mimi simjui nahodha hata mmoja aliyewahi kurudishiwa senti, au kuulizwa: je, wewe barabara yako ni ipi, tuitengeneze?

Najua mtakalosema. Mtasema sheria inatoza mafuta, haiulizi yanakwenda kuchomwa wapi. Mtasema Pate nako kuna boda boda, na kuna jenereta. Kweli, nakubali, na mimi mwenyewe nimeshasimulia habari ya boda boda hapo juu. Lakini magari ya kisiwa hiki ni ya kuhesabu kwa vidole, na hakuna anayeweza kunikalia mbele akanishawishi kwamba mafuta yanayoshushwa hapa kwa madumu huishia kwenye lami. Tena vyombo vya baharini huandikishwa na kukatiwa leseni, nguvu ya injini hujulikana, idadi yake ipo kwenye faili zenu. Anayetaka kukisia lita kwa mwaka anaweza kuzikisia kabla ya chai ya saa nne. Serikali inayoweza kupiga hesabu ya madeni ya makandarasi hadi shilingi ya mwisho haiwezi kushindwa na hesabu ya injini za Lamu.

Na kuhusu makandarasi: mwaka 2025 mliweka rehani shilingi 7 kati ya zile 25 ili mpate fedha za kuwalipa waliojenga barabara na wakadai kwa miaka. Wastahiki walipwe, mfanyakazi haki yake ni jasho lake. Ila maana yake, katika lita 60 za usiku ule, shilingi 420 zilikuwa zimeshaahidiwa watu kabla Bandari hajalia. Nao magavana na wabunge walipelekana mahakamani kugombania bilioni 10.5 za mfuko huu huu, nani azitumie, kaunti au eneo bunge. Nilifuata ugomvi ule kwenye redio kwa hamu, nikingoja mmoja wao, hata kwa kuteleza ulimi, ataje njia ya maji. Sikusikia.

Waheshimiwa, tatizo naliona liko kwenye neno moja. Mkisema barabara mnaona lami, au angalau murramu. Na kwa neno hilo mnapimia kila kitu kinachofuata. Fomula ya tatu ya kugawa mapato ya kaunti, ile iliyowakesha maseneta mwaka 2020 kikao baada ya kikao, ilitenga asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi na asilimia 8 nyingine kwa barabara. Bahari haimo kwenye ardhi, na njia ya maji haimo kwenye barabara. Lamu ikaja ya mwisho kati ya kaunti 47, shilingi bilioni 3.1 na kitu. Mtu atasema ni kwa sababu tu wachache. Kweli tu wachache: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu nzima, na Lamu Mashariki 22,258 tu. Lakini gharama ya kumfikia mtu wa Kiwayu haipungui kwa kuwa yuko peke yake. Inaongezeka. Mwenye basi la watu 60 hugawa mafuta kwa abiria 60, na nahodha wa boti la watu wanane huyagawa kwa wanane.

Sheria kubwa kuliko zote ilikwishaliona hili. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Neno "barabara" limo, na nani kati yenu amewahi kulisoma akaona gati ndani yake? Hazina ile ilipewa umri wa miaka 20 tangu Katiba ianze, yaani hadi 2030, isipokuwa Bunge liiongezee. Tunazeeka pamoja nayo.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo wageni wetu wa semina hulisahau. Nyinyi hutuita wa mbali. "Jamii za pembezoni," ndivyo mlivyoandika kwenye ile bango ya mkutano wa mwisho. Siku hiyo nilicheka, mzee mmoja akanikanya. Shanga, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwangu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta msingi wa msikiti wa karne ya 8. Siyu yetu ilikuwa na mafundi wa ngozi na wa vitanda vya kuchonga, na wakati wa mtawala wake Bwana Mataka ilimsumbua Sultani wa Unguja mwenyewe. Watu hawakuja kujenga mawe na chokaa mahali pa mbali. Walijenga hapa kwa sababu hapa palikuwa njiani: chombo kilichoshuka na Kaskazi kutoka Arabuni kilitukuta sisi kwanza kabla ya kukuta Malindi. Kisha reli ikaanzia Mombasa, malori yakafuata lami, na sisi tuliobaki pale pale tulipokuwa tukaamka siku moja tumeitwa wa mbali. Babangu alikuwa nahodha wa jahazi, na hadi anakufa alikuwa akisema Nairobi ndiko mbali.

Nisije nikaonekana napinga bandari. Tangu msingi ulipowekwa Machi 2012, mbele ya marais na waziri mkuu wa nchi jirani, tumeambiwa neema inakuja, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Magati matatu sasa, urefu wa mita 1,200, kina cha mita 17.5. Huwa naitaja tarakimu hiyo ya kina kila nikipata nafasi: mita 17.5 zilichimbwa kwa ajili ya meli, na upande wa pili wa ghuba ile ile nahodha wetu anasukuma chombo kwa upondo kwenye tope. Wavuvi waliopoteza maji yao walikwenda mahakamani Malindi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Yaliyofuata baada ya hukumu ile mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Nitakalosema ni la daftari tu: mvuvi aliyekuwa akitega ghubani kwa tanga na kafi sasa lazima atoke nje ya mwamba kwa injini. Kwa hivyo bandari ilipochukua maji ya karibu, mvuvi alilazimika kununua mafuta zaidi, na kwa kila lita aliyoongeza alilipa ushuru wa barabara zaidi. Ushuru huo hauna akili ya kujua kwamba unamtoza mtu kwa kumhamisha.

Watu huondoka kidogo kidogo, hawatangazi. Mwalimu mgeni anafika, anakaa muhula mmoja, anajifunza kuuliza maji, anachoka, anaomba uhamisho. Muuguzi vilevile. Kijana akipata mke mjini habebi tena mizigo kurudi. Mfuko wa saruji ulioshushwa lori Mokowe hupandishwa mashuani, ukashushwa na hamali, ukapandishwa punda, na kila mkono uliougusa umeweka bei yake, ndiyo sababu utaona nyumba nyingi hapa zina kuta nzuri na dari la kesho. Samaki ndio kinyumenyume: anaondoka hapa kwa bei ya chini kwa kuwa barafu ni ghali na mnunuzi anajua huwezi kumngoja, kesho ataoza. Kamba wa Kizingitini wanaoliwa kwenye meza za Mombasa nao hupitia njia hiyo hiyo. Habari ya barafu peke yake ingetaka barua nyingine.

Mombasa, pale Likoni, mtu wa miguu anavuka kwa feri bila kulipa chochote. Serikali hulipa. Hakuna anayemwita ombaomba, na mimi nimevuka hapo mara nyingi nikafurahi. Walifahamu zamani kwamba mahali barabara inapokatwa na maji, chombo kinachovusha watu ni sehemu ya barabara. Sasa naomba mlichukue wazo hilo hilo, mlipakie, mlilete huku ambako maji hayakukata barabara mahali pamoja ila yameizunguka nchi nzima ya watu.

Ninachotaka kifanyike ni kidogo kuliko mnavyodhani. Bunge liandike katika sheria ya ushuru ule kwamba njia ya abiria inayopita baharini na kutambuliwa na Serikali ihesabiwe kuwa barabara. Kisha kila mwaka kile kinachokadiriwa kulipwa na injini za vyombo vya Lamu kirudi Lamu, kikatengeneze magati, kisafishe mkono wa Siyu na wa Pate, kiweke taa na maboya kwenye mafungu na milango, na kinunue mafuta ya boti la wagonjwa kabla ya kitu kingine chochote. Hilo la mwisho nalisisitiza: boti tumepewa, picha zilipigwa, utepe ukakatwa. Boti bila mafuta ni pambo la gatini. Tume ya Ugavi wa Mapato nayo, ikikaa na fomula inayofuata, ijiulize tu swali la mtu wa kawaida, kwamba inamgharimu nini muuguzi kutoka hapa hadi pale, na kama jibu lina lita za petroli ndani yake, lihesabiwe.

Na pawe na chombo kimoja cha umma, kimoja tu kwa kuanzia, chenye jaketi za kujiokolea za kutosha kila abiria, kitoke Kiunga kishuke hadi Mokowe kikipitia Kiwayu, Kizingitini, Faza na Mtangawanda, kwa nauli ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa. Ratiba yake isiandikiwe Nairobi. Ipangwe kwa maji, bamvua na maji mafu (maji madogo), na wazee wa hapa watawapangia mwaka mzima bila malipo. Wenye spidi watalalamika, nawafahamu, wengine ni jamaa zangu. Wapewe zabuni ya kukiendesha na watanyamaza.

Bwana Gavana, wewe nakuomba jambo la pembeni. Hiyo ya sheria ya taifa haiko mikononi mwako, lakini ufunguo wa duka la mafuta ya wagonjwa uko karibu na mkono wako kuliko wa Waziri. Usingoje Bunge.

Mmoja wenu akitaka kuja kujionea, karibu sana, Siyu hatujasahau kupokea wageni. Ila msije na helikopta. Fikeni Mokowe kwa ile lami mpya ya kutoka Garsen, nzuri kweli kweli, nami pia nimechangia. Shukeni garini, ulizeni maji yako vipi, na mkiambiwa yamekupwa, kaeni kwenye kivuli mngoje kama tunavyongoja. Mafuta ya kuwaleta tutanunua sisi, lita 60, kwenda na kurudi. Risiti nitawapa mimi mwenyewe mkononi.

Mweka hesabu wa wavuvi,
Siyu, Kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu